Jinsi ya kuanza daftari la michoro la safari bila kusubiri mpaka ujue kuchora

Ukienda Zanzibar siku mbili ukarudi na mapicha kibao kwenye simu, mwezi ujao mtu akikuuliza ule mlango ulioupiga picha, juu yake palichongwa nini, hukumbuki, na wala si kosa lako, simu imeshakutunzia so kichwa hakikuona haja ya kuhangaika. Mchoro haukubali hivyo. Huwezi kuchora kitu ambacho hujakitazama, na kutazama kunakula muda, yani unakaa nusu saa sehemu moja, na ndani ya hiyo nusu saa mtaa unakuzoea, watu wanakusalimia, adhana inapita, unajua nani anauza nini na mtoto gani katumwa dukani akaishia kucheza. Ukimaliza una mchoro mbaya au mzuri, haijalishi, ila ile sehemu inakuwa yako.

Mi napenda sana hii kitu na naona watu wetu wengi wanaiacha kwasababu wameaminishwa kwamba ni ya watalii au ya waliosomea sanaa. Sio kweli. Mwaka 2007 mwandishi wa habari na mchoraji mmoja wa Seattle kule Marekani, Gabriel Campanario, alianzisha kikundi mtandaoni cha watu wanaochora miji yao wakiwa palepale barabarani, wakakiita Urban Sketchers, na leo wako dunia nzima, wengi ni walimu, wahasibu, wastaafu, watu wa kawaida tu wanaochora baada ya kazi. Sheria yao kubwa ni moja, uchore unachokiona ukiwa hapohapo, sio kutoka kwenye picha. Hiyo sheria naikubali mia kwa mia na kila nitakachosema hapa chini kimesimama juu yake.

Mifano mingi nitaitoa Mji Mkongwe na fukwe za Unguja kwasababu ndiko ninakopenda kuchora, ila ukiwa Lamu, Mombasa pale karibu na Fort Jesus, Bagamoyo, Kilwa au Kariakoo mambo ni yaleyale.

Vifaa

Anza na peni ya Bic ya kawaida. Wino wake ni wa mafuta, ukishakauka hata ukipitisha brashi yenye maji juu yake hautawanyiki, wakati peni nyingi za jeli ukizigusa na maji ukurasa mzima unageuka bluu. Ijaribu kwanza ukurasa wa nyuma kabla hujasafiri nayo. Na kingine kizuri cha peni ni kwamba haifutiki. Mtu mwenye penseli na raba anafuta, anachora, anafuta tena, mpaka jua linazama hajamaliza hata dirisha moja. Mstari ukienda kombo piga mwingine pembeni yake uendelee, iache yote miwili, ukiangalia baada ya wiki utaona hiyo mistari miwili miwili ndo inaupa mchoro uhai.

Daftari sasa. Kama utatumia peni tu, kaunta buku inatosha kabisa, ina jalada gumu unaweza kuliegemezea gotini na ile mistari yake baada ya kurasa chache huioni tena. Ukitaka kupaka rangi za maji hapo ndo pana shida kidogo, karatasi ya rimu ya kawaida ni gramu 80 kwa mita ya mraba, ukiilowesha inajikunja na kupauka, na karatasi halisi za rangi za maji ni gramu 200 mpaka 300, zina bei na si kila duka wanazo. Njia ya katikati ninayoipenda ni hii: nunua manila nyeupe kadhaa steshenari, waombe wakukatie saizi ya nusu A4 kwa ile mashine yao, afu wakupigie spairo na jalada gumu mbele na nyuma. Manila inavumilia maji kidogo, sio mengi, na daftari linakuwa la kwako kuanzia ukubwa mpaka idadi ya kurasa.

Kwenye rangi usinunue boksi kubwa. Bluu, njano, nyekundu, brashi moja ya ncha, chupa ndogo ya maji na kitambaa cha zamani. Vikiwa vichache unajifunza kuchanganya, vikiwa vingi unajifunza kuchagua tu.

Na ukijisikia vibaya kwamba huna vifaa vya maana mkumbuke Edward Saidi Tingatinga. Yule mzee alianza kupaka picha zake Dar mwaka 1968 kwa vipande vya hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli, vitu vya dukani palepale alipoishi, akafariki 1972, yani miaka minne tu, na jina lake ndo limekuwa jina la mtindo mzima unaolisha familia za wachoraji mpaka leo. Ukipata nafasi nenda pale Oysterbay karibu na Morogoro Stores walipo wachoraji wa Tingatinga, kaa uwaangalie wanavyofanya kazi. Ile rangi inang'aa na inakaa bapa, haitaki mambo ya vivuli laini laini, na wao wakaifuata inavyotaka, wakatengeneza wanyama na ndege wa rangi iliyokolea wenye nukta na mistari. Nawe vifaa vyako vifuate vinavyotaka.

Tuchore mlango mmoja

Nashauri uanze na mlango kwasababu mlango hauondoki. Mji Mkongwe iko mingi, na ukiikagua utaona kuna ya aina kubwa mbili, ile ya mtindo wa Kiarabu ambayo juu ni mraba na ubao wa juu umechongwa maua au maandishi ya Kiarabu, na ile ya mtindo wa Kihindi ambayo juu ina upinde na mbao zake zimejaa vichwa vya shaba vilivyochongoka. Tafuta mmoja ulio na baraza ng'ambo yake ili ukae, usichore umesimama, ukichoka miguu na mchoro unachoka.

Kabla ya kugusa karatasi tazama. Dakika mbili nzima, bila simu. Jiulize kipi kirefu, kipi kipana, wapi pana giza kuliko pengine pote. Kisha pima: nyoosha mkono wote, kiwiko kisijikunje, funga jicho moja, shika peni ukitumia ncha yake na kidole gumba kupima upana wa mlango pamoja na fremu yake, afu igeuze peni wima uone ule upana unaingia mara ngapi kwenye kimo. Labda mara moja na nusu, labda mara mbili kasoro. Huo uwiano ndo roho ya mlango wako, ukiupata umemaliza nusu ya kazi, ukiukosa hata uchonge maua vipi mlango utakaa kama kabati.

Chora sasa mstatili mkubwa wa nje, mwepesi. Ndani yake fremu. Kisha mstari wa katikati unaogawa mbao mbili, na hapo kwenye mstari kuna ule ubao mwembamba uliochongwa unaoitwa mfaa, mpe unene wake kabisa, usiuchore mstari tu. Halafu ubao wa juu, halafu kizingiti cha chini ambacho mara nyingi kimelika katikati kwa miguu ya watu, hako kamlegeo usikaache, ndo kanaonyesha umri wa nyumba.

Kwenye nakshi ndo watu wengi wanakata tamaa. Kando ya fremu unakuta mnyororo umechongwa kuanzia chini mpaka juu, maua, samaki, mawimbi, na ukisema uchore kila pete utalala hapo. Chagua kipande kimoja ukubwa wa kiganja, labda kwenye usawa wa macho yako, hapo chora kila kitu, kila pete na kila jani, taratibu. Ukitoka hapo kwenda juu na kwenda chini punguza, pete zinakuwa nusu pete, majani yanakuwa vistari, mpaka mwisho inabaki alama tu. Jicho la mtu anayeangalia litamalizia lenyewe. Vichwa vya shaba fanya hivyohivyo, mstari mmoja wa juu vyote vizuri na kila kimoja na kivuli chake upande mmoja, vingine nukta.

Kivuli cha mlango kiko wapi? Kwa kawaida ni chini ya ule ubao wa juu na upande mmoja wa fremu, kwasababu mlango umeingia ndani ya ukuta na kuta za kule ni nene. Piga mistari ya mshazari iliyobanana hapo, mara moja, kwa kujiamini. Mlango utaingia ndani wenyewe utashangaa.

Ukuta nao mpe haki yake. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko, sasa boriti ya mkoko haina urefu wa kutosha, ikizidi kama mita tatu hivi hupati ya maana, kwa iyo vyumba vikawa vyembamba na virefu. Ukijua hilo unaanza kuelewa kwanini madirisha yamepangwa yalivyopangwa, na mkono unachora kitu kinachoeleweka badala ya kubahatisha. Chokaa inapobanduka usiichore yote, weka visiwa viwili vitatu vya mawe basi.

Na chora mapema, usiseme nitarudi. Beit el-Ajaib, lile jumba kubwa la Mji Mkongwe linalotazama bahari, ilijengwa 1883 enzi za Sultani Barghash, watu wamepita pale mbele kizazi hadi kizazi wakiiona ipo tu, mwezi Disemba 2020 sehemu yake ikaporomoka na watu wakafa. Waliokuwa wamekaa bustani ya Forodhani mbele yake wakaichora na nguzo zake na mnara wa saa wana kitu mikononi ambacho wengine hatutakipata tena kwa macho. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000 lakini orodha haizuii mvua kuingia kwenye ukuta.

Jua, na maji

Huku kwetu karibu na ikweta jua la mchana linakuwa utosini, vivuli vinajificha chini ya vitu vyenyewe na kila kitu kinaonekana bapa. Chora saa moja mpaka saa tatu asubuhi, au saa kumi mpaka saa kumi na mbili kasoro jioni. Mchana ingia kwenye vichochoro, kule kuna kivuli na mwanga unaodunda kutoka ukuta mweupe wa pili ni mzuri ajabu. Jioni usichelewe, jua letu linashuka wima, ukisema ngoja nimalizie tu mwanga umeshaondoka. Na vivuli vinatembea, kwa iyo ukishakaa jambo la kwanza zungushia mstari mwepesi mipaka ya vivuli ilivyo dakika hiyo, ukimaliza usivikimbize tena hata vikihama.

Ukitaka kuchora vyombo vya baharini lazima ujue maji. Siku za bamvua, yani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari ya Unguja inakupwa sana, tofauti ya maji kujaa na kukupwa inafika kama mita nne, na kukupwa kwenyewe huangukia kama saa nne asubuhi. Hapo ngalawa na mashua zinalala mchangani zimeegama upande, hazitikisiki, unaziona mpaka tumbo. Kila siku inayofuata maji yanachelewa kama dakika hamsini. Siku za maji mafu bahari haiendi mbali, vyombo vinabaki vinaelea na kuzunguka na kwa anayeanza hiyo ni tabu. Muulize mvuvi yeyote, ratiba anayo kichwani.

Nungwi mafundi bado wanaunda vyombo palepale ufukweni, na kwa mchoraji sehemu ile ni shule. Kaa mbali kidogo na njia yao. Chora kwanza mstari wa tumbo la chombo kutoka omo, yani mbele, mpaka tezi, yani nyuma, mstari mmoja mrefu bila kunyanyua peni, uchore kwa bega zima sio kwa vidole, ukiupata huo mbao zote zinaufuata. Afu vitu vidogo: tezo ya kuchongea, keekee ya kutobolea, fundi akisukuma pamba kwenye maungio ya mbao akikalafati, kopo la sifa, yale mafuta ya papa ya kupakia chombo, na harufu yake ambayo ukiisikia mara moja huisahau maisha. Chombo chenye tanga chora mlingoti umeinama kidogo kwenda mbele, kisha foromali, ule mti unaobeba tanga. Kamba zisikutishe, uliza. Mzee mmoja alisogea akaangalia daftari langu, akachukua kijiti akanichorea mchangani henza inapandisha vipi tanga na demani inashikwa wapi, kazi ya kila kamba mpaka mwisho, na ule mchoro wake wa mchangani nikaunakili kwenye ukurasa wangu na ndo ukurasa ninaoupenda kuliko yote.

Watu

Hapa nisikilize vizuri. Peni yako isitangulie salamu yako. Mzee amekaa barazani, shikamoo kwanza, au asalaam alaykum, subiri ajibu, muulize hali, afu sema, naomba nikae hapa nichore huu mlango. Haijawahi kuwa shida. Ukitaka kumchora yeye mwenyewe omba waziwazi, na akisema hapana ni hapana, usimwibie kwa pembeni. Wapo wasiopenda sura zao zichorwe kwa sababu za dini, wapo wasiopenda tu, wote wana haki. Kina mama usichore sura bila ruhusa, chora mgongo, chora kanga, mkunjo wa kanga una kazi ya kutosha kukuweka jioni nzima. Na maeneo ya jeshi, vituo vya polisi na sehemu za ulinzi achana nayo, mtu amekaa kimya anachora geti la kambi ni rahisi kueleweka vibaya.

Watoto watakuja, watakuzunguka, watakuzibia mwanga. Beba karatasi za ziada na peni mbili za kugawa, waambie nao wachore, mmoja atachora gari, mwingine atakuchora wewe. Naombaga wanichoree kitu kwenye daftari langu na waandike majina ya kwanza, kurasa hizo huwa zinang'aa kuliko zangu.

Mazoezi ya watu wanaotembea fanya pale Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe. Watu wanakaa, wanacheza dama na bao, wanabishana mpira na siasa, hawaondoki haraka. Anza na mkao tu: mstari wa mgongo, mstari wa mabega, kichwa kama yai, basi, sekunde thelathini. Mtu akiinuka achana naye, mwache nusu, hamia kwa mwingine. Atakuja mwingine kukaa mkao uleule umalizie naye, mtu mmoja kwenye daftari anaweza kuwa na kichwa cha huyu na miguu ya yule na hakuna anayejua. Na ile kahawa ya kikombe kidogo, iliyobaki chini, chovya brashi upake vivuli. Kahawa nzito inatoa rangi nzuri ya ukuta wa zamani, tabaka moja jepesi, likauke, tabaka la pili kwenye giza. Hapo hata boksi la rangi hukuhitaji.

Kuandika pembeni ya mchoro

Mchoro bila maneno ni nusu, na maneno bila mchoro nayo ni nusu. Mwaka 1832 mchoraji wa Ufaransa Eugène Delacroix alisafiri Moroko na ujumbe wa kibalozi, hakuwa na muda wa kukaa na kupaka kila alichokiona, akawa anachora haraka na pembeni anaandika rangi kwa maneno, hapa nyeupe, huku kijani, pale kivuli cha samawati. Yale madaftari aliyatumia kutengenezea picha kubwa kwa miaka mingi baada ya kurudi. Fanya hivyo. Chora mshale kuelekea ukutani andika "njano iliyopauka, chini ya dirisha imegeuka kijivu kwa unyevu". Nyumbani utapaka ukiwa umetulia.

Zaidi ya rangi mi huwa naweka vitu hivi kila ukurasa, bila mpangilio: saa, upepo ni wa kaskazi au kusi, sauti moja, harufu moja, maneno ambayo mtu kayasema kweli jinsi alivyoyasema, na bei ya kitu kimoja. Bei usiidharau. Ukifungua daftari la zamani ukakuta nauli ya daladala ya wakati ule au kikombe cha kahawa kilikuwa shilingi ngapi, maisha yote ya kipindi hicho yanarudi, kazi uliyokuwa unafanya, nani alikuwa hai. Ukurasa unaweza kusomeka hivi tu:

"Saa kumi na moja na robo, Forodhani. Kusi. Moshi wa mishikaki unakuja upande huu. Kijana wa miwa anasaga na ndimu na tangawizi. Watoto wanaruka baharini kutoka ukutani, mmoja kabla hajaruka anavua kofia anampa mwenzie. Mama nyuma yangu: 'Usimwambie baba yako, nitamwambia mwenyewe.'"

Hakuna kilichoelezwa hapo na kila kitu kipo. Epuka kuandika "ilikuwa nzuri sana", "nilifurahi mno", maneno hayo hayakumbushi kitu. Andika kofia.

Hisia zako nazo ziandike, sisemi uzifiche, ila ziandike usiku ukiwa chumbani, kurasa za nyuma ya daftari, mbele acha kwa ajili ya dunia. Mimi naanza daftari pande zote mbili, mbele michoro, nyuma mambo ya moyoni, yanakutana katikati na hapo nanunua lingine.

Ukiwa njiani

Boti ya Dar kwenda Unguja ni kama masaa mawili, na bahari ikichafuka usichore vitu vidogo utatapika, inua macho chora upeo wa bahari na mawingu tu. Mistari ikitetemeka iache, hiyo ni bahari imechora nawe. Treni ya SGR ya kutoka Dar imetulia mkono haurukiruki lakini vilivyo karibu na dirisha vinapita kasi ya ajabu, kwa iyo chora vya mbali, milima ya Uluguru ukikaribia Morogoro inakaa machoni muda mrefu, inabadilika taratibu, unaweza kuichora mara kadhaa ikiwa inasogea kwenye ukurasa uleule mmoja juu ya mwingine. Au geuka uchore ndani, aliyelala chora. Kwenye daladala chora migongo ya viti na mikono iliyoshika bomba.

Stendi na foleni ndo madarasa yangu makubwa, foleni ya Dar mtu analalamika mi natoa daftari.

Usiposafiri

Hii naiweka kwasababu naona watu wanasubiri likizo ndo wawe wabunifu, mwaka mzima hawagusi peni, wakifika safarini mkono umekufa ganzi wanakata tamaa siku ya kwanza. Mkono unataka kila siku kidogo, hata dakika kumi. Anzia jikoni. Mbuzi ya nazi ni kitu kigumu na kitamu kuchora, ule ulimi wa chuma wenye meno na kile kiti chake kinachokunjwa, ukiweza kuichora ikaonekana imesimama milango yote ya Unguja utaiweza. Kinu na mchi. Kifumbu kimening'inia, chora kile ambacho sio kifumbu, yani nafasi zilizo kati yake na ukuta, utaona umbo linajitokeza lenyewe. Jiko la mkaa usiku, hapo paka karatasi yote giza kwa Bic ubakize tu palipo na moto.

Mama yangu alinikuta nachora sufuria zake akauliza zina nini cha kuchora. Nikamwomba akae anisimulie kila moja ilitoka wapi, akakaa, tukaenda mpaka usiku, moja ya harusi yake, moja ya marehemu bibi, na zote ziko kwenye daftari na maneno yake pembeni. Hiyo safari sijatoka nje ya geti.

Kulitunza

Pwani ina unyevu na chumvi, karatasi zinaota madoa ya kahawia na ukungu, hasa masika. Daftari likimaliza kazi liache wazi likauke kabisa kwenye upepo, sio juani, jua linapausha rangi, kisha liweke kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya boksi za viatu vipya, mafundi viatu na maduka wanavitupa waombe wakupe. Kila ukurasa upige picha mchana kwenye kivuli, simu ikiwa sambamba na karatasi, uzihifadhi sehemu mbili. Ukirushia watu mtandaoni ni sawa lakini usichore kwa ajili ya kurusha, utaanza kuogopa kurasa mbaya na kurasa mbaya ndo zinakufundisha.

Safarini lifunge kwenye mfuko usiopitisha maji ndani ya begi, hasa ukipanda ngalawa. Ukurasa wa kwanza kabisa, kabla ya mchoro wowote, andika namba ya simu na sentensi moja kwamba atakayeliokota akupigie, kwa peni ileile ya Bic, kwa herufi kubwa.